Namba Niliyoikata Mwenyewe

Wiki jana mlinicheka. Najua, maana hapa Maweni ninapotengenezea mafriji kuna muuza kahawa aliyelikata gazeti lenye kisa changu akalibandika ukutani, na kila anayekuja kunywa kahawa anasoma kisha ananitazama. Chekeni tena. Mimi nimechoka hata kukasirika.

Kwa aliyenikuta njiani, nitasema kwa ufupi. Jina langu Uweis, fundi wa mafriji, Malindi. Mke wangu, Ilham, kazi yake ni kuwapaka maharusi hina na piko. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa na laini moja ya kredo, na namba hiyo hakuna bi harusi kuanzia Mambrui hadi Takaungu asiyeijua. Akiwa na kredo anapiga. Akiwa hana, anangoja kupigiwa. Hajalalamika hata siku moja.

Aliyejitia ubwana ni mimi. Binti mmoja wa dukani, Vivian, aliniuzia mkataba wa kampuni inayoitwa Kipepeo. Laini mbili, bili moja kila mwisho wa mwezi, miezi ishirini na minne, na simu mpya juu yake.

Ilham alinambia, "Laini ya kredo ikiisha imeisha, mtu analala. Hii ya bili haina kuisha, mume wangu. Na kwa nini namba yangu iandikwe kwa jina lako?"

Nikamjibu kwamba mume ndiye mlezi. Namba yake ikahamia Kipepeo kwa kitambulisho changu.

Ndipo ikaja bili na orodha yake ya simu zilizopigwa. Laini ya kredo haisemi kitu. Ya bili inasema yote: umempigia nani, saa ngapi, mmezungumza dakika ngapi. Nikaona namba nisiyoijua, kila siku, baada tu ya sala ya alfajiri. Nikaipiga. Akapokea mwanamume. Sikuuliza zaidi. Nilikwenda nyumbani, nikamkuta Ilham anamimina chai, nikamwacha hapo hapo.

Hiyo ilikuwa talaka ya pili. Ya kwanza niliitoa miaka sita nyuma kwa ugomvi wa kipuuzi, nikamrejea siku ya tatu. Mume ana talaka tatu, kwa hiyo mkononi mwangu ikabaki moja tu.

Na wiki jana mkajua ile namba ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya mamangu mzazi, Mwanatumu. Mama alinunua laini nyingine huko kwake Mnarani kwa sababu ile ya zamani haishiki ndani ya nyumba, na Ilham alikuwa akimpigia kila asubuhi kumkumbusha dawa zake za presha. Mwanamume aliyepokea ni mjomba wangu. Mkwe alikuwa na namba ya mama. Mimi, mwana wa kumzaa, sikuwa nayo.

Hapo ndipo mlipocheka. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Ilham alikuwa amekwenda kukaa eda, ile kama miezi mitatu ya kungoja baada ya talaka, kwa kakake, Jaafar, muuza simiti wa Kibarani, kule Kilifi. Kwetu, mume akitaka kumrejea mkewe, hutuma wazee, au hujipeleka mwenyewe na doti mbili za leso na uso uliojaa haya. Anakalishwa jamvini, anasemwa mpaka masikio yanawaka, kisha anapewa mkewe.

Mimi, nilipoujua ukweli wa ile namba, nilitaka kurejea bila kusemwa. Nikaona, mkataba ninao, ujumbe ninaoruhusiwa kwa mwezi siumalizi, ya nini kwenda kujidhalilisha kwa Jaafar? Wiki ya sita ya eda, niko kazini, nikaandika:

"Ilham, mimi Uweis nimekurejea katika ndoa yangu. Jitayarishe nije nikuchukue."

Simu ikaonyesha ujumbe umefika. Nikaweka spana chini nikangoja jibu.

Siku ya kwanza hakuna. Nikasema labda yuko kwa harusi. Siku ya tatu nikasema amenuna. Wiki ya pili nikasema, haya, anune mpaka achoke, mimi nimeshasema langu. Sikupiga simu. Mtu akipiga simu anaweza kukatiwa, na mimi kukatiwa siwezi.

Wiki saba zikapita hivyo. Nakula mkate na chai, nalala, naamka. Nguo nafua mwenyewe, na sizifui vizuri.

Asubuhi moja, nimelala chini ya friji la muuza samaki, mama akanipigia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekaa au umesimama?"

"Nimelala chini ya friji la watu."

"Basi lala hapo hapo. Ilham anaposwa."

Spana ikaniponyoka.

"Na nani?"

"Bwana mmoja wa Mtwapa, ana duka la vitambaa. Amefiwa na mkewe. Eda imeisha, na Ijumaa hii wanakuja wazee wake kwa Jaafar."

"Haiwezekani, mama. Ilham ni mke wangu. Nilimrejea eda haijaisha. Nilimwandikia."



"Ulimwandikia wapi?"

"Kwenye namba yake."

"Namba ipi? Ilham ana namba mpya tangu mwezi wa kwanza wa eda. Naongea naye kila alfajiri."

"Na mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Wewe na namba za watu mlishakosana kitambo."

Nilitoka pale na mafuta mikononi nikaenda moja kwa moja dukani kwa Vivian. Alinipokea kwa tabasamu lile lile lililonitia mkatabani.

"Karibu, fundi. Umekuja kuongeza laini?"

"Nimekuja kuuliza ile laini ya pili iko wapi."

"Ile uliyoniambia niitoe?"

"Nilisema itoke kwenye bili yangu. Irudi kuwa ya kredo kama zamani, mwenyewe aendelee nayo."

Vivian aliacha kutabasamu.

"Fundi, mimi nilikuuliza. Nilisema, tuiondoe kabisa au tuirudishe kwa jina la mkeo? Ukasema, iondoe. Nikakuuliza, mwenyewe anajua? Ukanijibu, 'Mwenyewe ni mimi.' Ukapiga na meza."

Nilikumbuka. Ilikuwa siku ya pili baada ya talaka, na nilikuwa nimevimba kama andazi. Sikutaka bili yangu imlipie mtu anayezungumza na wanaume alfajiri. Sikuwaza zaidi ya hapo.

"Namba ya mkataba ni ya aliyetia sahihi," Vivian akasema taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. "Ukiiacha inarudi kwa kampuni. Inakaa siku thelathini, kisha inauzwa tena. Sasa hivi ni laini ya kredo ya mtu mwingine."

"Kwa hiyo ujumbe niliomwandikia wiki ya sita?"

"Ameupata huyo mtu mwingine."

"Ilham hakuuona?"

"Angeuona vipi?"

Nilifurahi, jamani. Nilifurahi mpaka nikaipiga tena meza yake, na Vivian akarudi nyuma. Wiki saba nimelala nikiamini kwamba mke wangu amenisoma akanidharau. Kumbe hakunisoma kabisa.

"Nichapishie orodha ya siku ile," nikamwambia. "Nataka tarehe na saa, vionekane."

Akachapisha. Nikaipokea karatasi ikiwa bado ya moto, nikaisoma, nikaikunja.

"Na mimi pia nitoe. Nirudishe kwenye kredo. Nimechoka na mkataba."

"Imebaki miezi kumi na tisa, fundi. Utaandika barua, utangoja siku thelathini, kisha wakubwa waamue kama wanakubali."

Nilimtazama yule mtoto wa watu nikacheka bila nguvu. Mke nilimwacha kwa neno moja, na chai yake haijapoa. Kampuni inataka barua na siku thelathini.

Nikapanda pikipiki yangu nikashika njia ya Kilifi.

Nilifika Kibarani baada ya alasiri. Jaafar alikuwa barazani kwake, mavumbi ya simiti bado yako nyusini. Zamani akiniona huinuka. Siku hiyo hakuinuka.

"Asalaam aleikum, shemeji."

"Waaleikum salaam. Miezi mitatu hujapiga hodi hapa, Uweis. Leo dada yangu anaposwa ndipo umeikumbuka njia?"

"Huwezi kumwoza mke wa mtu, Jaafar. Ilham ni mke wangu."

"Alikuwa."

"Nilimrejea wiki ya sita. Nimekuja na ushahidi."

Jaafar si mtu wa kelele. Aliingia ndani, akampigia simu Sheikh Ishaq, imamu wa msikiti wa pale jirani, ambaye ndiye aliyetufungisha ndoa. Mama naye akaitwa kutoka Mnarani. Kabla ya magharibi tulikuwa sote jamvini, na Ilham amekaa penye mlango wa chumba, leso imemfunika mpaka kipajini. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa piko. Sikuweza kumwangalia kwa muda mrefu.

Sheikh akauliza, "Ulimrejea kwa neno au kwa maandishi?"

"Kwa maandishi, sheikh. Kwa simu. Huu hapa ujumbe, na hii hapa karatasi ya kampuni, ina tarehe na saa."

Nilimpa simu, nikampa na karatasi, ikiwa imekunjwa. Sheikh aliusoma ujumbe kwa sauti. Nilimsikia Ilham akivuta pumzi.

"Mimi sikupata kitu," akasema.

"Namba yako ilikuwa imekatwa," nikasema.

"Najua ilikatwa. Siku ilipozima nilikuwa nangoja simu ya harusi ya Mambrui. Nilidhani mnara umeharibika. Nilizunguka uani na simu mkononi mchana kutwa, naipandisha juu, naishusha chini, watoto wa Jaafar wananicheka. Kesho yake nikaenda dukani kuuliza, wakanambia mwenyewe ameiondoa. Nikawaambia mwenyewe ni mimi. Wakaangalia kitambulisho changu, wakasema hapana."

Akaitazama piko vidoleni mwake.

"Nikanunua nyingine, ya kredo, mtandao mwingine, kwa jina langu," akamaliza. "Wateja wa miaka kumi na mmoja wote wamepotea. Naanza upya kama msichana."

Mama alinitazama. Nikatazama jamvi.

Sheikh Ishaq akakohoa.

"Turudi kwenye suala. Rejea ni haki ya mume maadamu eda haijaisha. Si sharti mke aridhie, wala si sharti asikie. Neno la mume likishatoka limetoka, hata likipotea njiani. Ila hili ni andiko, na andiko hufuata nia. Uweis, ulipoandika haya ulinuia kumrejea?"

"Nilinuia, sheikh. Mtu haandiki asichokinuia."

"Utaapa?"

"Hata sasa hivi."

Msahafu ukaletwa. Nikatawadha, nikaapa, na moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa kwa kiapo kile, kwa sababu kilikuwa cha kweli.

"Ilham," sheikh akasema, "tarehe hiyo ulikuwa bado edani?"

"Nilikuwa edani."

"Basi kwa dhahiri wewe hukutoka katika ndoa yake. Huyo bwana wa Mtwapa aambiwe asije."

Mama akasema alhamdulillahi mara tatu. Na Ilham, ambaye nilidhani atakasirika, akajifunika uso kwa ncha ya leso akalia.

"Miezi mitatu," alisema, "kila nikilala nasema, hata ujumbe hakuniandikia. Mume wa miaka kumi na mmoja, hata ujumbe."

Nilianza kufikiria vile nitakavyompakia mizigo yake, na vile nitakavyomnunulia laini ya kredo, ya jina lake, na nisiulize tena amempigia nani mpaka ninakufa.

Jaafar akanyosha mkono.

"Hebu niione hiyo karatasi."

"Sheikh ameshaiona," nikasema.

"Sheikh ameiona ikiwa imekunjwa."

Akaikunjua. Akashusha kidole kutoka juu, polepole, kama anayekagua magunia ya simiti.

"Hapa pana ujumbe wa pili. Namba ile ile, siku ile ile, dakika kumi na mbili baada ya wa kwanza. Huu ulisema nini?"

"Salamu tu."

"Unionyeshe."

"Nimeufuta."

"Ule wa kwanza umeuweka, wa pili ukaufuta?"

Wasomaji, hapa nimefika mahali ambapo siwezi kuendelea bila kuwaomba radhi. Hapo juu niliwaambia kwamba nilingoja jibu na jibu halikuja. Niliwadanganya. Jibu lilikuja, tena upesi. Nami nikalijibu. Niliwaficha nyinyi kama nilivyowaficha wale pale jamvini, kwa matumaini kwamba nikilipita bila kulitaja litapita. Nimekuwa mtu wa aina hiyo.

Jaafar hakunigombeza. Alichukua simu yake, akaipiga ile namba ya zamani ya Ilham, akaiweka katikati ya jamvi, sauti juu.

Ikaita. Akapokea mwanamke.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Hujambo, mama. Naitwa Jaafar, niko Kilifi. Samahani kwa usumbufu. Namba hii uliyo nayo ilikuwa ya dada yangu."

"Lo! Ya Ilham?"

Sote tulishtuka.

"Hao maharusi wenu wamenisumbua!" yule mama akasema, kwa Kiswahili chenye Kigiriama ndani yake. "Kila siku, Ilham njoo na hina, Ilham wageni wamefika. Mino naitwa Kahonzi, niko hapa Magarini, nauza matikiti. Hina naijulia wapi? Laini nilinunua siku ya soko, kijana akanambia, chukua hii mama, ni namba iliyotulia. Imetulia wapi!"

Mamangu alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Ilham hakucheka.

"Pole, mama Kahonzi," Jaafar akasema. "Kuna mtu aliwahi kukuandikia kwamba amekurejea?"

"Uweis! Huyo simsahau mpaka kaburini. Simu alikuwa nayo mume wangu, Kalume. Akanijia, 'Uweis ni nani, na anakurejesha wapi?' Siku mbili hatukusemezana. Lakini papo hapo nilikuwa nimemjibu huyo mtu kwa heshima zangu."

"Ulimjibu vipi?"

"Nilimwambia, umekosea namba, mimi si mke wako."

Niliyafumba macho. Mnaelewa sasa? Niliyasoma maneno hayo nikiamini ni ya Ilham. Nimemwandikia nimekurejea, naye ananijibu kwamba nimekosea namba, yeye si mke wangu. Damu ilinipanda. Sikufikiri kabisa kwamba anayesema anaweza kuwa mtu mwingine, anayesema kweli tupu.

"Naye akanyamaza?" Jaafar akauliza.

"Akanyamaza wapi! Akarudisha. Subiri nivae miwani. Mimi meseji sifuti, sijui zinafutwaje."

"Kata hiyo simu," nikasema.

Jaafar hakukata. Sheikh aliinua kiganja kunitaka nitulie. Tukasikia yule mama akihangaika na simu yake huko Magarini, anaisogeza, anaguna, anamwambia mtu amshikie kisu cha matikiti.

"Ehe, hii hapa. Inasema hivi: 'Sawa. Kama wewe si mke wangu, basi si mke wangu. Baki huko huko kwenu, mimi nawe tumemalizana.' Haya, ndiyo hayo tu."

Mama akashika kichwa.

"Haloo? Mpo?"

"Tupo, mama," Jaafar akasema. "Ahsante sana."

"Kama huyo Uweis yuko hapo, mpatanisheni na mkewe, maskini. Ni hasira tu hizo. Hata Kalume ana hasira."

Akakata.

Nikawahi kusema kabla mtu mwingine hajasema.

"Sheikh, maneno hayo Ilham hakuyasikia. Hayakumfikia. Yamekwenda kwa muuza matikiti!"

"Na rejea yako pia ilikwenda kwa muuza matikiti," Sheikh Ishaq akasema.

Hakusema kwa kebehi. Alisema kwa huzuni, na hilo lilinichoma zaidi.

"Umeapa sasa hivi, Uweis, kwamba ulimrejea. Nimekukubalia. Maana yake ni kwamba zile dakika kumi na mbili alikuwa mke wako kamili. Kisha ukaandika haya. Mume hana neno linalohesabiwa kwa sababu linamfaa na jingine lisilohesabiwa kwa sababu linamdhuru."

"Nilikuwa na hasira."

"Kila anayeacha ana hasira. Sikuulizi hasira. Maneno haya si talaka ya wazi, kwa hiyo nayo hufuata nia. Kama yalikuwa matusi ya mtu aliyeudhika, na talaka hukuikusudia, Ilham ni mkeo, mshike mkono mwende zenu kabla ya magharibi. Kama ulikusudia talaka, hiyo ndiyo ya tatu. Humrejei tena. Mpaka aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli, na mume huyo afe au amwache kwa hiari yake."

Mama alinisogelea kwa magoti, akanishika goti.

"Ulikuwa na hasira tu, mwanangu. Sema. Mbona ni jambo jepesi? Sema ulikuwa na hasira tu."

Nyinyi nitawaambia kweli, kwa sababu nyinyi hamwezi kuninyang'anya mke. Siku ile, baada ya kusoma lile jibu, sikuandika papo hapo. Niliweka simu juu ya friji. Nikatembea mpaka mlangoni nikarudi. Nikahesabu: ya kwanza ile ya miaka sita, ya pili ile ya orodha, imebaki moja. Nikasema moyoni, haya, nampa na hiyo imalizike. Ndipo nikaandika. Sikuwa kipofu wa hasira. Nilihesabu.

Saa moja baadaye nilijuta, nikaufuta ujumbe, nikafuta na jibu, nikabakiza ule wa kwanza peke yake. Nikajiambia kwamba sikukusudia. Nimejiambia hivyo kila siku kwa wiki saba, na bado sijaamini.

"Uweis," sheikh akasema, "hakuna anayeijua nia yako ila wewe na Mola wako. Sisi tutahukumu kwa kiapo chako."

Akausogeza Msahafu mpaka ukagusa magoti yangu.

Jaafar alikuwa ananikodolea macho. "Ataapa uongo," akasema. "Mtu aliyekunja karatasi atashindwa kukunja kiapo?"

"Mwache, kaka," Ilham akasema.

Alikuwa ameiondoa leso usoni. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba ile alinitazama, na macho yake bado yalikuwa na machozi yale ya furaha ya dakika chache zilizopita.

"Sema utakalosema, Uweis. Nitaliamini," akanambia. "Mimi si wewe."

Nikaweka mkono juu ya Msahafu.